Mimi, Bi Crake na Choo cha Sokoni

Jumamosi, 4 Oktoba

Imekuwa rasmi. Jina langu limo! Mervyn Tapscott, mgombea binafsi, uchaguzi mdogo wa jimbo la Haverbeck na Bonde la Juu. Mbunge wetu kajiuzulu ghafla, eti anakwenda kufuga kondoo. Shauri yake. Mimi hii ni mara ya nne nagombea. Mara tatu zilizopita nilishindwa kwa heshima. Safari hii sina mzaha.

Sera yangu ni moja, hata mtoto anaielewa: choo cha umma cha sokoni kifunguliwe, na kiwe cha bure. Halmashauri ilikitia kufuli mwaka juzi. Tangu hapo wazee wanaacha kabichi kwenye mizani wanakimbilia nyumbani. Aibu tupu.

Furaha haikudumu. Nikasoma orodha ya wagombea hadi chini, nikakuta jina la Philippa Crake. Naye mgombea binafsi. Naye choo! Tofauti yetu ni kwamba yeye anataka na maua dirishani. Mwanamke huyu alininyang'anya uenyekiti wa klabu ya bustani, akaninyang'anya tuzo ya boga kubwa, sasa anataka kuninyang'anya na choo. Damu ilinichemka.

Avis, mke wangu, akaona hapo ndipo pa kudai lake. Banda letu la gari halijaona gari tangu nianze siasa. Limejaa vipeperushi vya chaguzi zilizopita, maboksi hadi dari. Avis anafinyanga vyungu, na anafinyangia kwenye meza ya jikoni. Anataka banda liwe karakana yake, aweke na tanuri la kuchomea. Akasema basi tuwekeane: nikimshinda Crake, banda ni langu na hatalitaja tena maishani. Crake akinishinda, vipeperushi nje, tanuri ndani. Tukapeana mikono, wake ukiwa na udongo. Nikamwambia azidi kuizoea ile meza. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumapili, 5 Oktoba

Picha! Kipeperushi cha kwanza lazima kiwe na picha ya mgombea ananyoosha kidole. Hapa kwetu ndivyo ilivyo. Usiponyoosha kidole kwenye shimo la barabarani au kwenye jalala, watu wanasema huyu kero zetu hazijui.

Nikaenda sokoni na Lionel Stubbs. Lionel ni wakala wangu wa uchaguzi, msambazaji wangu na jeshi langu zima. Alikuwa mtahini wa madereva, sasa amestaafu, goti moja bovu. Nikasimama mbele ya mlango wa choo, nikanyoosha kidole, nikakunja uso wa mtu aliyeudhika lakini mwenye jawabu. Lionel alipiga picha moja tu. Alisema moja inatosha, mvua inakuja.

Kesho kwa mpiga chapa. Crake ajiandae.

Jumanne, 7 Oktoba

Maboksi yamefika. Avis alitazama kipeperushi, akakaa kwenye ngazi. Nikadhani amezidiwa na fahari. Kumbe kicheko. Juu ya mlango wa choo kuna kibao cha halmashauri, na Lionel amekipata chote, herufi kubwa nyekundu, juu ya kichwa changu: KIMEHARIBIKA. KISITUMIKE. Chini yake uso wangu. Chini ya uso, jina langu.

Lionel alijitetea kwamba yeye aliambiwa apige picha, hakuambiwa asome. Hakuna muda wa kuchapa upya. Tukasambaza. Ninasema wazi, watu waliobuni matundu ya barua kwenye milango ya mji huu wana roho mbaya. Mengine yako chini kwenye kisigino, mengine yana brashi, mengine yana springi za mtego wa panya. Namba kumi na mbili ina mbwa asiyebweka, anasubiri vidole. Nimefungwa bandeji mbili.

Nikarudi nyumbani nimelowa, na nini kinanisubiri kwenye zulia la mlangoni kwangu mwenyewe? Kipeperushi cha Crake! Kimeandikwa: HAPA NI MBIO ZA FARASI WAWILI TU. Na mchoro wa nguzo za makadirio ya kura. Nguzo ya chama kikubwa, ndefu. Nguzo ya Crake, karibu sawa nayo. Na kwenye kona, mimi. Avis aliuliza kama pale wino ulidondoka.

Vyema. Na mimi nimechora. Nimekwenda klabu ya wazee ya mchezo wa kuviringisha tufe, nikasimama wakati wa chai, nikauliza nani yu pamoja nami, na mikono mingi ajabu ikanyanyuka. Avis anadai wakati uleule mama wa jikoni alikuwa anauliza nani anataka andazi la zabibu. Nikamwambia hilo hawezi kulithibitisha. Nguzo yangu imepanda mpaka imegusa kichwa cha habari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Michoro haitoshi. Nimekaa na nikafikiri kama mwanasiasa. Mgombea akijisifu mwenyewe, watu wanapiga miayo. Lakini mwananchi wa kawaida akilalamika, watu wanasikiliza. Kwa hiyo: kipeperushi kisicho cha mtu! Kitatoka kwa JIRANI MWENYE UCHUNGU.

Jirani huyu ni fundi wa maneno, lazima nimsifu. Anauliza: je, mmewahi kumwona Bi Crake amebanwa? Hamjamwona! Nyumba yake ina vyoo vitatu! Mtu mwenye vyoo vitatu atajuaje shida ya mtu aliyesimama sokoni miguu imepishana? Kisha Jirani anasema kwamba amesikia sifa nyingi za Bwana Tapscott, mtu wa watu, mwenye choo kimoja.

Tabu ikaja kwa Lionel. Sheria ya uchaguzi inataka kila karatasi ya kampeni iwe na jina na anwani ya aliyeichapa na ya aliyeitoa. Nikamwambia hii haina mwenyewe, ndio ujanja wenyewe. Lionel akavua kofia. Huyu ni mtu anayesimama kwenye taa nyekundu akiwa kwa miguu, barabara tupu. Akasema, kwa upole, kwamba basi nitafute wakala mwingine. Na kusema kweli hata mimi mwili ulinisisimka. Nagombea kuingia nyumba inayotunga sheria, halafu nianze kwa kuivunja? Sisi si wahuni.

Tukaafikiana. Anwani itakuwepo, chini kabisa, herufi ndogo kuliko zote alizonazo mpiga chapa. Kimetolewa na Mervyn Tapscott, 9 Barabara ya Kanisa Kuukuu. Nani anasoma herufi ndogo?

Jumamosi, 11 Oktoba

Wote wanasoma herufi ndogo. Nilisahau ninaishi na watu gani. Hawa wanasoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Kwenye foleni ya mkate mwuza mikate aliniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, habari za uchungu, jirani? Kwenye bucha wakanishauri nipake dawa. Mtu mmoja nisiyemjua alinishika bega akasema, bwana, nimeona watu wanasengenya, lakini anayesengenya akaacha na anwani, wewe ni wa kwanza. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Lionel yeye hana wasiwasi. Anasema tumetii sheria.

Nilimsubiri Crake anijibu kwa kipeperushi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la jibu lake. Hakujibu! Badala yake ameweka ubao kwenye geti lake, mita chache tu kutoka sokoni: CHOO BURE SIKU YA SOKO. VIPO VITATU. KARIBUNI. KUNA KEKI YA LIMAU.

Vyoo vyangu! Nimempa mimi wazo! Foleni ilitoka getini ikapita sanduku la posta. Nilijibanza nyuma ya ua wa miti nikatazama nani na nani. Nikawaona mmoja mmoja wakitoka na kipande cha keki mkononi, nyuso zimetulia. Mzee Ormerod, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, na mkongojo wake. Madada wawili wa Pilling. Na wengine wanne ambao nimewaazima ngazi na mashine ya kukata nyasi. Jumla saba. Wasaliti saba, midomo imejaa makombo.

Kisha akatoka Avis. Avis! Nikamvaa usiku wakati wa chakula. Akasema mtu akibanwa haulizi chama. Akaongeza kwamba keki ilikuwa nzuri, na kwamba bafu la chini la Crake lina nafasi ya kutosha tanuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata kwa furaha.

Marehemu baba yangu na jirani yake walikuwa wa kambi mbili, na siku ya kura hawakwenda. Walipatana tu: kura yako inaiua yangu, yangu inaiua yako, ya nini kulowana? Wanakaa nyumbani wote wawili, kila mtu na gazeti lake. Wengi hapa hufanya hivyo, na hakuna anayevunja. Neno ni neno.

Nikavuka barabara kabla chai haijapoa. Mzee Ormerod alikuwa anatoa pipa la taka. Nikamwambia, Mzee wangu, wewe msimamo wako unaujua na mimi wangu naujua, tusizungushane. Alhamisi usiende kupiga kura, na mimi siendi. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akautazama mkono wangu niliounyoosha. Akaniuliza kama kweli hilo ndilo ninalolitaka. Nikasema ndilo, kwa moyo wote! Akasema haya basi, Mervyn, kama litakusaidia. Akanishika mkono. Mtu muungwana sana, ingawa ni wa Crake.

Nilipokuwa navuka kurudi ndipo akili ikafunguka sawasawa. Kura yangu ni moja na nimeshaitoa. Lakini kwa nini iue moja tu? Kura iliyokwisha kufa haiwezi kufa zaidi! Nikageuka, nikawapitia walaji keki wote sita waliobaki. Dada mkubwa wa Pilling alitaka kunieleza jambo. Nikainua mkono nikamzuia, nikamwambia hana haja ya kujieleza, najua kila kitu na sina kinyongo. Akamtazama mdogo wake. Akasema haya, kama ni kukusaidia wewe. Wote walisema hivyohivyo, karibu neno kwa neno. Malezi mema yamejaa upande ule, lazima nikubali.

Saba kwa moja! Lionel alikuna kichwa. Kwanza aliuliza kama sheria inaruhusu. Nikamwambia hakuna sheria ya kukataza watu kupeana mikono. Kisha akauliza kama nina hakika wale ni watu wa Crake. Nikamwambia keki niliiona kwa macho yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku yenyewe. Mvua ya ubavuni tangu alfajiri. Nimesimama kutwa nzima nje ya ukumbi wa kanisa, ua la kitambaa kifuani, nauliza namba za wapiga kura wanaotoka, kama desturi, ili tujue nani keshapiga. Kando yangu mume wa Crake, Rupert, anafanya kazi hiyohiyo kwa upande wao. Alinipa nusu ya mkate wake wa nyama. Nikamsaidia namba aliyokosa. Vita ni vita, lakini mtu hawezi kumwacha mwenzake namba zimempita.

Nilikuwa na macho ya mwewe. Hakuja hata mmoja! Si Ormerod, si Pilling wala Pilling, si wale wanne. Mlangoni pa Ormerod, nilipopita kwenda kubadilisha soksi, nilimwona dirishani anasoma gazeti. Akanipungia mkono.

Lionel alipiga kura asubuhi na mapema, akiwa wa kwanza. Jioni akaanza kunisihi niingie. Alisema ni hatua chache tu, Mervyn, ingia weka alama yako, nani atajua? Nilimshangaa. Yeye, mtu wa taa nyekundu! Nikamwambia nimewapa neno watu saba na wote wamelitimiza kwenye makochi yao. Nikasimama palepale, maji yananitiririka shingoni, mpaka mlango ukafungwa. Sikuingia.

Avis alikuja saa ya chai, mwavuli umegeuka nje ndani. Akanitazama kwa muda. Akaingia. Akatoka. Akasema penseli yao inahitaji kuchongwa. Basi, hakuna zaidi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniambia kura yake inakwenda wapi, na mimi sijauliza. Lakini leo najua. Ana kila sababu ya kumpa Crake, tanuri liko pale linamsubiri. Simlaumu. Iliniuma tu, zaidi ya nilivyotegemea.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimerudi kutoka kwenye kuhesabu. Sijalala. Naandika na kofia kichwani.

Tulipangwa jukwaani kwenye ukumbi wa michezo kama kwaya. Mshindi ni kijana wa chama kikubwa, ambaye wiki nzima alionekana Haverbeck mara moja, na mara hiyo alikuwa anauliza choo kiko wapi. Crake ndiye aliyemsaidia. Vyama vingine vikafuata. Kisha bwana aliyevaa vazi la birika la chai, ambaye sera yake ni birika. Huyo naye alitupita, mimi na Crake.

Kisha sisi. Crake Philippa, mia nne na kumi na mbili. Tapscott Mervyn, mia nne na saba.

Tano! Kura tano! Nikashika mfuniko wa yule bwana wa birika. Niliomba zihesabiwe upya. Msimamizi wa uchaguzi alinijibu kwa adabu kwamba zoezi hilo halifanywi kwa ajili ya nafasi ya sita na ya saba, na kwamba kuna watu wanataka kufagia. Crake alinipa mkono, akasema nimepigana kiume, na kwamba vyoo vyake viko wazi kwangu wakati wowote. Kwa bahati mbaya wakati huo nilikuwa nimebanwa.

Asubuhi Mzee Ormerod akavuka barabara na mkongojo wake kuja kunipa pole. Alisimama mlangoni anazungushazungusha kofia. Akasema inamsumbua moyoni. Kwamba yeye alikuwa ameamua kunipigia mimi. Mimi! Kwa sababu ya kile kipeperushi cha Jirani Mwenye Uchungu: alisema mtu anayesema ubaya wa mwenzake akaweka jina lake na namba ya nyumba, huyo hata akitaka kukuibia atabisha hodi kwanza. Madada wa Pilling nao vilevile. Na wale wanne. Walikuwa wamekubaliana wote saba, kwenye foleni ya choo cha Crake.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo Avis anasema ilisikika hadi kanisani, kwa nini basi hakuniambia! Mzee akashangaa. Akasema, lakini Mervyn, ulikuja mwenyewe, umenyoosha mkono, una furaha ile, ukaniomba nisiende. Ningekukatalia vipi mlangoni kwangu, na chai yako inapoa? Isingekuwa adabu.

Nimeketi kwenye ngazi. Lionel alipiga simu kuuliza nyongeza ya saba kwenye mia nne na saba ni ngapi. Nimekata simu.

Jumapili, 19 Oktoba

Neno ni neno. Tumelihama banda. Maboksi yamekwenda kituo cha karatasi taka, gari la Lionel, safari baada ya safari, kwa mwendo halali. Mchana likaja tanuri. Zito kama ng'ombe. Mimi na Avis tulilisukuma mpaka kwenye kona yake, kisha tukakaa chini kulitazama.

Nikamwambia hongera, umeshinda, na kura yako imesaidia. Nilikusudia iwe mzaha. Haikutoka kama mzaha.

Avis akafuta mikono. Akasema, baba wewe, kura yangu ilikuwa yako. Mara zote nne ilikuwa yako. Nikamuuliza, hata hii? Na banda je? Akasema aliingia pale akiwa na nia ya kunipiga chini kabisa, kwa ajili ya tanuri. Halafu akanikumbuka nje, nimelowa chapachapa, nimeganda kama nguzo ya umeme kwa sababu tu niliwaahidi watu. Mkono ukakataa. Akasema kama ningekuwa na akili ya kuingia nikajipigia mwenyewe tungekuwa wawili.

Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika. Mke aliyeweka rehani karakana yake kwa ajili yangu! Nimemshika mkono tukakaa hivyo hadi giza likaingia, na sijawahi kuwa na furaha kama ile bandani hata lilipokuwa limejaa.

Baadaye nikafikiri kwa utulivu, na mambo yamekaa vizuri kuliko nilivyodhani. Niliwaambia watu saba wasipige kura, na hakuna hata mmoja aliyepiga. Mbunge gani nchi hii ana watu watiifu namna hiyo? Mbinu haina kasoro. Ilikosa ukubwa tu. Mei kuna uchaguzi wa halmashauri, na Crake keshatangaza.

Safari hii sikosei. Usiku huuhuu nimekwishawapitia wakazi wote wa mtaa wa juu, tumeshikana mikono. Kura yangu peke yake isingetosha kwa wote hao, ingeonekana kama tamaa. Lakini sasa ninayo ya pili, ya uhakika kabisa, haina shaka hata chembe. Nimewaahidi kwamba Avis naye haendi.